Shingo za Mbao

"Mama Easter, hii ni meza au ni kitanda?"

Gitau alikuwa amesimama mbele ya vitu vya Nduku, mikono ameifunga mgongoni kama mwalimu anayekagua kucha. Yeye ndiye aliyesimamia maonyesho ya kazi za mikono pale hotelini kila Jumamosi, kwenye nyasi zilizo kati ya bwawa la kuogelea na ngazi za kuteremkia ufuoni.

Nduku aliitazama meza yake. Shuka nyeupe ilikuwa imetandikwa bila kunyanzi, na juu yake mikufu imelazwa mmoja mmoja, imenyooshwa: ya mbegu, ya simbi za baharini, ya mifupa iliyosuguliwa, ya ushanga uliopangwa kwa waya wa shaba. Kweli ilifanana na kitanda. Hakuona ubaya wake wala uzuri wake.

"Ni meza," akasema.

"Basi imelala. Sikiza, mama. Watalii hawainami. Wametoka kwao mbali waje hapa wasiiname. Anapita wima, macho yake yako hapa," akaweka kiganja mbele ya kifua chake, "na mali yako iko huku chini, imenyooka kama wagonjwa hospitalini."

"Mwache, bwana Gitau," akadakia Ochola kutoka meza ya pili. Ochola aliuza picha zilizotengenezwa kwa maganda ya migomba, na mdomo wake haukujua siku ya kupumzika. "Kuna watu wanapenda kununua kitu kilichopata usingizi."

Gitau hakucheka. Akasema meneja ameagiza meza zipunguzwe kabla wageni wa Krismasi hawajajaa, na kwamba Jumamosi ijayo ndiyo siku ya kuchagua zipi zibaki. "Simamisha vitu vyako vionekane. Mimi nataka kukutetea, lakini sitatetea kitanda."

Akaenda. Nduku akampakata Easter, akamtoa mdomoni ushanga aliokuwa ameuokota sijui wapi, akampa ziwa. Chai aliyoletewa asubuhi ilikuwa bado iko chini ya meza, imefanya utando.

Kitu hiki cha meza hakikuwa kidogo. Masika ya mwaka ule Nduku na mumewe Mulwa walimzika mtoto wao wa kwanza, Kioko, aliyechukuliwa na surua. Kwao Wakamba mtu huzikwa nyumbani, lakini nyumbani ni Mwingi, na wao hawakuwa na njia ya kumfikisha mtoto huko. Wakamzika Malindi, kwenye makaburi ya mji, huko nyuma ya Barani, mahali ambapo mvua ikinyesha udongo hudidimia na nyasi hufunika, na kaburi lisilo na mtu wa kulipalilia huja likachimbwa tena kwa ajili ya mtu mwingine. Nduku alikwenda kila Ijumaa kung'oa magugu. Hakulia. Aling'oa kama mtu anayeng'oa magugu ya shamba, akakung'uta mizizi, akarudi nyumbani akawasha jiko.

Baada ya msiba, Mulwa, ambaye alichonga vinyago kwenye mabanda ya wachongaji, alisema kwamba chumba cha kupanga na midomo miwili ya kulisha vimemshinda. Nduku achukue Easter aende Mwingi, akakae kwa mama mkwe. Nduku alimwomba amwache kwanza ajaribu mikufu. Mulwa akakubali mpaka msimu wa wageni. Meza ikikaa, wakae. Meza ikiondoka, wapande basi, na kule Barani nyasi zifanye zitakavyo.

Hayo Nduku aliyajua, kama mtu anavyojua jina la mtaa wake. Ila hakuyasikia ndani. Tangu masika alikuwa kama mguu uliokaliwa muda mrefu: uko, unauona, unaweza hata kuufinya, lakini si wako. Mikono peke yake ndiyo iliyoendelea kufanya kazi, ikatunga na kufunga fundo na kukata uzi, na yeye akaiacha.

Siku ya Jumatatu alimfunga Easter mgongoni akaenda mjini, akasimama mbele ya dirisha la sonara. Alikwenda kuangalia, si zaidi ya hapo. Pale ndani mikufu ya dhahabu ilikuwa imevalishwa shingo za mahameli nyeusi. Hazikuwa na vichwa wala mikono. Shingo tu na mabega. Na kila shingo ilikuwa na mkufu mmoja. Nduku alilitazama dirisha lile mpaka mwenye duka akatoka kumuuliza kama amepotea.

"Sijapotea," Nduku akasema. "Nyuma yake umeweka nini? Kitambaa gani?"

"Kitambaa cheusi. Dhahabu inataka giza, mama."

Akanunua kaniki. Simbi na mifupa ni vyeupe, vitang'aa juu ya weusi. Shuka nyeupe ndiyo iliyokuwa ikivimeza. Ile ya mbegu nyeusi ataitafutia pahali pengine, labda juu ya kipande cha mkeka. Aliyafikiria haya akitembea, akashangaa kidogo kwamba anayafikiria.

Jioni akamwambia Mulwa anataka shingo.

"Shingo za nini?"

"Za kuvaa mikufu. Za mbao. Kubwa, ya kati, ndogo. Zisimame."

Mulwa akasugua ndevu. "Shingo bila kichwa? Itakuwa kama kuku aliyechinjwa. Hapana, nitaitia kichwa. Pale dukani kwa yule muuza vitu vya zamani, kwenye kona, kuna ubao umesimama, mwembamba, kichwa chake mviringo kama sahani, shingo imebanwa hivi, mabega mapana. Sijui ni kazi ya nani. Wazungu wanaukodolea macho. Mkufu ukiuvisha pale, hauwezi kuteleza."

"Chonga hivyo."

Akachonga. Alitumia muhuhu uliobaki kwenye kazi nyingine, mbao bapa, na kingo zake akazitia vipembe vidogo vidogo vilivyochongwa kwa patasi, kama alivyouona ule wa dukani. Vichwa vikawa mviringo, nyuso bila macho. Alipozileta nyumbani zilikuwa nzuri hasa, Nduku aliliona hilo. Akazivisha mikufu, na mikufu ikateleza kidogo, kwa kuwa muhuhu ukisuguliwa huwa laini. Zilitaka kitu cha kushikilia shingoni.

Akafungua kikapu cha nguo kutafuta kitambaa. Mkono ukatoka na fulana nyekundu ya Kioko, ile iliyochanika kwapani. Nyekundu juu ya mbao, na nyeusi nyuma yake. Itapendeza. Akaichana kwa meno, ikatoa mlio, akapata kanda tatu za kutosha, akazifunga shingoni kwa mafundo madogo. Alingoja kuona kama kifua chake kitasema neno. Hakikusema. Easter alikuwa ameketi sakafuni, akichezea mabaki ya mikono ya fulana, akiyavaa kichwani na kuyavua.

"Umependeza, mama," Nduku akamwambia. "Nani kakupa kofia?"

Jumamosi alifika mapema. Alipindua kreti tupu za soda alizoazimwa jikoni, akazipanga ngazi ngazi juu ya meza, akazifunika kwa kaniki mpaka ikagusa nyasi. Makopo ya mafuta ya Kimbo aliyajaza mchanga wa ufuoni, akazisimika mbao ndani yake, akayaficha makopo chini ya kitambaa, na mbao zikawa zimeota pale. Kubwa nyuma, ya kati pembeni, ndogo mbele. Kila moja mkufu mmoja, kama kwa sonara. Bangili akazitia kwenye kijiti. Hereni akazichomeka kwenye kipande cha mkeka. Akarudi nyuma hadi kwenye njia ya wageni, akatembea wima kama mtalii, akaitazama meza yake bila kuinama.

Ilisimama.

"Eee!" Ochola akapiga makofi. "Mama Easter amefungua duka la Bombay! Sisi wengine turudi kwetu tukalime."

"Rudi," Nduku akasema, "migomba inakungoja uimenye."

Ochola akamgeukia kwa mshangao. Pengine ilikuwa mara yake ya kwanza kumsikia akijibu.

Wakati ule akaja Kache, na mzigo wake wa vikapu kichwani. Kache alikuwa Mgiriama kutoka Tezo, mama wa makamo, mwenye kicheko kikubwa, na meza yake ilikuwa upande wa kulia wa Nduku tangu mwezi uliopita alipoanza kuja. Alikuwa akisema jambo kuhusu basi lililoharibika njiani. Akanyamaza katikati ya neno. Akautua mzigo pole pole, hakuutupa kama kawaida yake.

"Umezitoa wapi hizi?"

Hakusalimia. Nduku akadhani amezipenda. "Mume wangu amechonga."

"Nakuuliza umezitoa wapi, mama. Nani kakuuzia?"

"Hakuna aliyeniuzia. Mulwa amezichonga juzi. Nusa, mbao bado ina harufu."

Kache akasogea. Hakuzigusa. Aliinama, akanusa kweli, akatazama makali ya vile vipembe kuona kama yamelika na mvua. Pumzi ikamtoka. Akaketi juu ya kikapu chake kimoja, kikabonyea.

"Nilidhani umepata cha kwetu," akasema.

"Cha kwenu nini?"

"Hujui?" Akamtazama usoni. "Hujui, kweli. Mama Easter, hivi ni vigango. Mzee mkubwa akifa kwetu, mzee wa heshima zake, akikaa huko akaanza kuja ndotoni, anasimamishiwa ubao namna hii nyumbani. Kichwa, shingo, mabega. Anafungwa kitambaa. Anamiminiwa tembo la mnazi. Ni yeye huyo. Akishasimama hahamishwi, hata sisi tukihama yeye anabaki. Sasa wamekuja watu wanaving'oa, wanauza madukani kwa wazungu. Cha babu yake mume wangu tuliamka tukakuta shimo. Shimo tu, mama. Tangu siku hiyo boma letu halijatulia: ng'ombe, watoto, hata mvua. Nikiona kichwa cha mviringo dukani naenda kukitazama, huenda ni yeye."

Nduku alisikiliza. Maneno yalimfikia kama mtu anayezungumza chumba cha pili. Ubao wa kwenye kona ya duka. Kingo zenye vipembe.

"Sikujua," akasema. "Tulitaka shingo."

"Najua hukujua. Ungekuwa unajua, ungefunga kitambaa?" Kache alitabasamu kidogo, akataka kulipunguza jambo. "Na umefunga kwelikweli, kama uliyefundishwa. Ila hiki kidogo kimenishinda. Sisi mtoto hatumsimamishii. Hiki ni cha nani?"

"Cha mikufu mifupi."

"Na kitambaa?"

"Cha mwanangu."

"Cha Easter?"

Easter alikuwa chini ya kaniki, miguu yake tu inaonekana. Nduku akaitazama ile miguu. "Cha kaka yake. Mimi nilikuwa naitwa Mama Kioko. Alikufa masika, kwa surua. Tukamzika hapa Barani. Watu wakabadilisha, wakaanza kuniita Mama Easter. Hawakusema. Walibadilisha tu."

Hakuwa amelisema hilo kwa mtu tangu siku ya mazishi. Lilitoka kama mtu anayemwelekeza mgeni njia.

Kache akafunika mdomo. Aliutazama ubao mdogo, kitambaa chekundu, kreti na kaniki, hereni kwenye mkeka, na njia ya wageni.

"Mulungu wangu," akasema kwa sauti ya chini. "Mama Kioko. Umemsimamisha mwanao kwenye biashara."

Hapo ndipo Nduku aliusikia mkono wake. Ulikuwa umeshika ukingo wa kreti, na ulikuwa unauma. Msumari ulikuwa umemchoma kiganjani, na sijui ulikuwa umemchoma tangu saa ngapi.

Kabla hajasema neno, Gitau akatokea, safari hii anacheka meno yote, na nyuma yake mama wa Kizungu mwenye kofia ya ukili. "Mnaona?" akawaambia wote. "Mnaona mtu akiambiwa anavyosikia? Hii ndiyo meza! Hii hata meneja akipita nanyamaza tu, inajisemea yenyewe."

Yule mama wa Kizungu alikuwa amesimama wima mbele ya meza, macho yake sawasawa na vichwa vya mbao. Hakuangalia mkufu hata mmoja. Alinyoosha kidole akakigusa kichwa cha ubao mdogo, akakizungushia kidole kama mtu anayempapasa mtoto, kisha akakigusa kitambaa. Akasema maneno mengi kwa lugha yake, na Gitau, aliyeokota Kitaliano mle hotelini, akawa anaitikia.

"Anaitaka hii ndogo," Gitau akasema. "Si mkufu, mkufu uvue ubaki nao. Anataka ubao. Pamoja na kitambaa chake, anasema kitambaa ndicho kinachomfurahisha. Na anauliza kama kuna nyingine, ana marafiki. Mama Easter! Mwambie mzee wako aache kuchonga twiga. Achonge hizi. Mimi nakuhakikishia meza msimu mzima, hapo hapo kwenye kona ya kwanza, karibu na bwawa."

Meza ilikuwa imepatikana. Nduku alilielewa hilo vizuri sana. Msimu mzima. Hapana Mwingi. Ijumaa angekwenda Barani kama kawaida, na Ijumaa iliyofuata. Kilichotakiwa ni kuunyanyua ubao mmoja kutoka kwenye kopo la mchanga na kumkabidhi mgeni.

Kache aliinama, akaanza kufungua mzigo wake wa vikapu, kisha akaufunga tena.

"Unaenda wapi, mama?" Gitau akamuuliza.

"Siwezi kukaa ubavuni mwa hivi. Usinikasirikie. Siwezi tu."

"Hivi nini? Mbao?"

"Mbao, bwana. Zikikaa, mimi naondoka. Sina ugomvi na Mama Kioko. Afanye atakavyo, ana yake yanayomsumbua."

Gitau akatazama huku na huku, kama mtu aliyeingia kwenye mazungumzo ya watu nusu njia. Yule mgeni alikuwa amefungua mkoba. Nduku aliusogelea ubao mdogo. Alivua mkufu kwanza, akauweka mezani. Kisha akaanza kufungua fundo la kitambaa. Lilikuwa fundo dogo, alilolifunga yeye mwenyewe na kulikaza kwa meno, na vidole vyake, vilivyokuwa vikifanya kazi miezi yote bila kumuuliza, sasa vilikataa. Akajaribu tena. Kwenye kitambaa palikuwa na doa la mafuta ya nazi, pale ukosini, na alilijua lilivyoingia, na nani aliyempaka, na jinsi mtoto alivyokimbia uchi akicheka, anateleza mikononi kama samaki.

Fundo likafunguka. Akakikunja kitambaa, akakitia kifuani.

"Mwambie samahani," akamwambia Gitau. "Hauuzwi."

"Bila kitambaa basi. Nitamweleza."

"Hata bila kitambaa."

"Mama Easter." Gitau alimsogelea, akapunguza sauti. "Usinifanyie hivi mbele ya mgeni. Hujui Jumamosi hii ni ipi?"

"Najua."

"Sasa?"

"Sasa naziondoa." Akafungua na kanda nyingine mbili, akaung'oa ubao mkubwa, mchanga ukamwagika juu ya kaniki na chini, akaung'oa wa kati na mdogo. Akazilaza kwenye nyasi kifudifudi, moja kando ya nyingine, akavuta pembe ya kaniki akazifunika. Easter akatoka chini, akaketi karibu nazo, akaanza kuzipiga piga kwa kofi jinsi anavyopigwa yeye anapobembelezwa.

Yule mgeni alifunga mkoba wake. Alisema neno moja la upole, akaenda kwenye meza ya Ochola, na Ochola, Mungu ambariki, kwa mara ya kwanza hakuwa na mzaha.

Gitau hakuwa mtu mbaya. Alibaki pale akijikuna shingo, akaziangalia kreti zilizovuliwa nguo na mikufu iliyorudi kulala. "Mimi nimetumwa nipunguze," akasema. "Nitamwambia nini meneja? Kwamba ilikuwa imesimama, ikakaa chini?"

"Mwambie ukweli."

"Ukweli wenyewe siujui, mama." Akatoa kalamu sikioni, akairudisha. "Jumamosi ijayo nafasi hii ataingia mtu wa vinyago vya mawe. Sina la kufanya. Pole."

Nduku akaitikia kwa kichwa. Alianza kukusanya hereni.

"Acha hizo," Kache akasema.

"Nini?"

"Nimesema acha, unazichanganya." Kache alikuwa ameushusha mzigo wake tena. Akavisogeza vikapu vyake vyote upande mmoja wa meza yake, vingine akavitia ndani ya vingine, akaupangusa upande uliobaki kwa kiganja. "Mimi meza yangu haijaguswa. Mwanamke wa vikapu hapunguzwi, wazungu wanabebea taulo. Lete huku vitu vyako. Lakini nakwambia mapema, mimi nina sauti kubwa na huyo binti yako akinitafunia ukili namtafuna na yeye."

"Bwana Gitau atakubali?"

"Bwana Gitau!" Kache akapaza sauti, na kweli ilikuwa kubwa, watu wa bwawani waligeuka. "Meza ni moja au si moja?"

Gitau, aliyekuwa ameshafika mbali, alisimama, akainua mikono juu kama mtu aliyeibiwa, akaendelea na safari yake.

"Umemsikia," Kache akasema. "Lete."

Nduku akaanza kubeba. Akabeba mikufu ya simbi, akaishusha, akarudi kuchukua ya mifupa, na aliporudi mara ya pili machozi yalikuwa yanashuka bila sauti yoyote, kama maji ya kitu kilichopasuka. Hakuyafuta, mikono ilikuwa imejaa. Kache aliyaona, akajifanya anahesabu vikapu.

Walipokaa, Kache alisema, macho yake yako kwenye njia ya wageni: "Zile hazikuwa yeye. Nisikilize. Hakuna mzee aliyezisimamisha, hakuna tembo lililomwagwa. Ni muhuhu tu. Mumeo azipasue, asiogope. Na mwanao yuko palepale ulipomweka. Nitakuja siku moja tumpalilie pamoja, kama hutajali."

"Sitajali," Nduku akasema.

Mulwa alikuja alasiri kusaidia kurudisha kreti, na vumbi la mbao nyusini. Alikuta meza ya mkewe tupu, na mkewe kwenye meza ya jirani, amebanwa kati ya vikapu, mtoto amelala mapajani. Nduku akamweleza. Alieleza tangu ubao wa kwenye kona ya duka mpaka mgeni alivyofunga mkoba, na alipofika kwenye kitambaa akakitoa kifuani akamwonyesha.

Mulwa akakipokea. Alikinyoosha juu ya goti. "Niliziona zimefungwa," akasema. "Nikasema, mbona hii nyekundu naijua. Nikajiambia usiulize." Akakikunja mara mbili, akakirudisha mkononi mwa mkewe, akaufumba mkono ule kwa mikono yake. Kisha akazitazama mbao kwenye nyasi. "Nitazipasua kesho. Mbao ni yangu, mchoro haukuwa wangu."

"Mwambie mama yako siendi Mwingi," Nduku akasema.

"Na meza?"

"Nina nusu."

"Nusu ya meza."

"Nusu. Ya Kache."

"Shikamoo, mama," Mulwa akamsalimia Kache, kama aliyemwona sasa hivi.

"Marahaba, baba. Wewe ndiye fundi? Mkono wako mzuri, macho yako ndiyo yanaokota vitu vya watu."

Mulwa akatazama chini. Halafu akamuuliza mkewe, "Hiyo nusu ina upana gani?"

Nduku akafungua mikono. Mulwa akaiangalia nafasi iliyokuwa kati ya viganja vyake, akaipima hewani kwa shubiri zake.

"Ni ndogo."

"Ni ndogo."

"Basi ni kwenda juu tu." Akachutama, akaokota kijiti, akaanza kuchora kwenye mchanga uliomwagika. "Fremu. Kama dirisha. Miguu miwili, na fimbo zimelala, moja juu ya mwenzake. Mikufu ining'inie. Mtu anasimama hapa, anaiona yote."

"Upepo utaitikisa."

"Itikisike. Kinachotikisika kinaonekana."

"Bila vichwa," Kache akasema.

"Dirisha halina kichwa, mama."

Nduku alimtazama anavyochora. Aliogopa kuuliza, akauliza. "Na basi la Mwingi?"

"Litaenda," Mulwa akasema bila kuinua macho. "Fimbo niweke za mpingo au za muhuhu?"

"Muhuhu. Mbegu zangu ni nyeusi, kwenye mpingo zitapotea."